Kamera Inayoona Vinyweleo

Kamera mbili zilikuwa mezani, na Lakhdar amekaa mbele yazo kama baba aliyeletewa wachumba wawili wa binti mmoja: wa kwanza anamjua kuwa hana kitu, wa pili anacho, lakini macho yake makali mno.

Ile ya zamani ilikuwa na rangi ya fedha enzi za ujana wake. Sasa pembe zimechubuka, kifuniko cha betri kimeshikizwa kwa mpira, na picha zake zina ukungu kama asubuhi ya Januari chini ya madaraja ya mji wa Qusantina, Aljeria. Ile mpya ilikuwa nyeusi tii, ndogo, nzito. Ilitoka Istanbul ndani ya sanduku la Nadir, imeviringishwa kwenye soksi na fulana za watoto, kwa kuwa wakubwa wa nchi hufunga na kufungua bandari kama mtoto anayechezea swichi ya taa. Leo ndizi haziingii, kesho matairi, keshokutwa kamera. Nyumbani kwao wao hawakosi ndizi wala kamera, lakini ukiliuliza hilo unaambiwa mzee, nenda kapumzike.

"Kaa nayo mpaka Alhamisi, ami," Nadir alimwambia alipoileta asubuhi. "Ukiipenda tutaelewana. Usipoipenda, nakuja kuichukua."

Lakhdar akasema ni ya kupigia harusi ya mpwa wake. Nadir akaitikia kwa kichwa, kwa adabu zote, ingawa alizaliwa mtaa huo huo na alijua fika kwamba Lakhdar hana mpwa.

Ukweli wenyewe haukuwa wa kusemeka mlangoni. Mkewe, Yamina, alikuwa na chaneli ya mapishi kwenye mtandao. Kama chaneli nyingi za akina mama wa huko, uso haukuonekana hata siku moja. Ilionekana mikono tu, na chano cha mbao, na udi ukipigwa taratibu kwa nyuma. Lakhdar ndiye aliyeshika kamera. Kiwanda cha matrekta alikofanya kazi kilikuwa kimekwisha kufungwa, wakubwa wake wamegawana hadi makabati, naye akabaki nyumbani na kazi ya kumtazama mkewe kupitia kioo kidogo. Hakuna kazi aliyopata kuipenda kuliko ile, na hakumwambia. Kisha Yamina akaugua. Hospitali waliyompeleka, mashine ilikuwa mbovu, fundi wa mashine alikuwa safarini, na daktari mkuu alikuwa mkutanoni, wanajadili mashine. Mkutano ulikwenda vizuri, waliambiwa. Yamina akafa.

Zikabaki video chache ambazo zilikuwa hazijatolewa. Lakhdar akawa anazitoa moja moja, kama mtu anayekula akiba ya mwisho ya unga, mpaka zikaisha. Siku ile video zilipoisha, mwanamke mmoja wa mji wa Wahran akaandika: Mama Yamina, Mungu akupe umri mrefu, tupikie kuskusi ya daku kama ya kwenu. Lakhdar alikaa na ile simu mkononi hadi kioo kikajizima. Kesho yake akanyoa mikono kwa wembe, akaingia ndani ya gandura, gauni pana la mkewe, akavaa bangili, akaisimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu, akapika. Alikuwa ameitazama ikipikwa miaka na miaka. Mikono yake ilijua kuliko kichwa chake.

Tangu hapo hajaacha. Kwenye mkahawa wa chini, akicheza dhumna na wenzake, huvaa glavu za sufu hata kiangazi, na anawaambia ni baridi yabisi. Wenzake wanamwonea huruma na kumwibia vipande.

Aliyeijua siri alikuwa mmoja tu, Zoulikha, dada wa Yamina, aliyeishi ghorofa ya chini yake na kupanda kila alasiri bila kubisha. Lakhdar alisoma kwa kubabaisha na kuandika kwa taabu. Zoulikha alikuwa karani wa shule maisha yake yote, kalamu yake tamu, chakula chake adhabu. Ndiye aliyeandika maneno yanayopita chini ya picha: tia chumvi, koroga, funika. Aliandika vizuri mambo ambayo akiyafanya mwenyewe jirani huita zimamoto.

Alasiri ile alimkuta shemeji yake bado ameduwaa mbele ya kamera mbili.

"Umeshaamua, au nilete shehe asome istihara?"

"Usinichekeshe. Soma tena walichoandika."

Zoulikha akavaa miwani, akafungua simu. "Huyu wa Annaba anasema: Mama Yamina, nakupenda, lakini ni kama nakutazama nikiwa ndani ya supu. Huyu anasema binti yake anamfuata mpishi mwingine, picha kali, unaona hadi jasho la kitunguu. Na huyu anauliza kama una maradhi ya macho, atakuombea."

"Ramadhani imebakiza nini?"

"Imebakiza kuingia. Wote wanatafuta wa kumfuata mwezi mzima. Wakihama sasa hawarudi, shemeji. Mwanamke akishazoea jiko la mtu, ndoa hiyo."

Lakhdar akaigusa ile nyeusi kwa kidole, akakirudisha kidole haraka kama aliyegusa pua ya mbwa.

"Tuijaribu basi," alisema. "Tuone inaona nini."

Akaenda kuvaa gandura. Akarudi na bangili zake za shaba, mbili kila mkono, akamwaga unga wa chengachenga kwenye chano, akanyunyiza maji ya chumvi, akaanza kufikicha kwa viganja vilivyo wazi, duara baada ya duara, jinsi punje za kuskusi zinavyozaliwa. Zoulikha akabonyeza kitufe alichoonyeshwa. Baadaye wakaunganisha kamera na televisheni, wakakaa kitini kama watu walioalikwa.

Picha ikatokea. Kila punje ilionekana peke yake. Tone la maji lilipodondoka kwenye unga ungeweza kulipa jina.

Kisha mikono ikaingia.

"Hii sasa," Zoulikha alisema polepole, "ni mikono ya mtu aliyewahi kubeba trekta."

"Nimenyoa leo asubuhi."

"Naona. Naona na nywele zinakoota tena. Ile pale imesimama wima, inanisalimia." Akasogea karibu na kioo. "Na hiki kwenye kidole gumba?"

"Kovu la kiwandani. Mashine ilinila."

"Mbona lina umbo la ramani ya nchi?"

"Ndiyo nchi yenyewe iliyonila."

Zoulikha akacheka hadi miwani ikamshuka. Lakhdar hakucheka. Alikuwa anaitazama ile mikono kubwa, nyekundu kwenye viungo, imebanwa na bangili kama ng'ombe aliyevishwa kanzu.

"Glavu," alisema.

"Ili waseme Mama Yamina siku hizi anapasua watu?"

"Basi unga. Nikijipaka unga mwingi hadi kwenye kiwiko."

"Utafanana na maiti," Zoulikha alisema, na neno lilipomtoka akatamani kulimeza. Wote wawili wakatazama pengine.

Jambo lenyewe lilikuwa hapo, wala halikuhusu nywele. Kila asubuhi, kabla ya kahawa, Lakhdar aliyasoma maneno ya wale wanawake, kidole kikifuata herufi. Mungu akupe umri, Mama Yamina. Mungu aiweke mikono yako. Mwenyezi akuachie watoto wako na nyumba yako. Duniani kote hapakubaki mahali pengine ambapo mtu alimtakia Yamina maisha marefu. Kwenye daftari za serikali, mahali pekee ambapo wakubwa hufanya kazi haraka, walimfuta wiki ile ile aliyokufa. Akibaki na kamera ya zamani, wanawake watahama mmoja mmoja na salamu zao zitakwenda nao. Akichukua mpya, wataiona mikono ya dume, watajua amekufa, na dua yote itabadilika kwa neno moja: umri utakuwa rehema. Hata ukikata wapi, damu inatoka.

"Irudishe kwa Nadir," alisema mwishowe. "Tubaki na ukungu wetu."

"Na wakihama?"

"Watabaki wachache."

"Watabaki vipofu, shemeji. Hao ndio ukungu hauwasumbui."

Lakhdar alikuwa ameinama kuichomoa waya, gandura imemkaza mgongoni, aliposikia mtu anakohoa. Zoulikha alikuwa na tabia ya kuuacha mlango wazi. Kwenye kizingiti alisimama Bi Hafsia, mama yake Nadir, mwanamke mfupi mpana, anahema kwa ajili ya ngazi.

"Lifti mbovu tangu wajukuu wangu hawajazaliwa," alisema, "na hao wa manispaa wanakuja kuipiga picha kila mwaka." Akainua mkono. "Nadir kasahau chaja. Nikasema acha niilete mwenyewe, nimpongeze mpwa."

Akamtazama Lakhdar kuanzia utosini hadi pindo la gandura. Akatazama chano. Akatazama televisheni, ambapo mikono ilikuwa imegandishwa katikati ya duara. Lakhdar aliificha mikono yake nyuma ya mgongo, na bangili zikalia.

"Bi Hafsia, mimi..."

"Kwanza vua hizo bangili, baba. Zinanitia uchungu."

Akazivua. Hata angeambiwa avue meno angeyavua.

"Miaka yote uliyompiga picha mkeo akifikicha kuskusi," Bi Hafsia alisema akijitafutia kiti, "uliwahi kumwona na bangili?"

Lakhdar akafikiri. "Hapana. Alikuwa anazivua."

"Kwa nini?"

"Jicho. Alikuwa anaogopa watu wasiione dhahabu yake wakaihusudu. Mimi nikasema hizi ni shaba, nani atahusudu shaba. Na mwanamke bila bangili..." Akanyamaza.

Bi Hafsia akamgeukia Zoulikha. "Jicho."

"Usinitazame mimi, dada. Mimi kuskusi nanunua ya pakiti."

"Jicho gani, Lakhdar? Unga. Unga unaingia chini ya bangili, unalowa, unaganda, unadondoka kwenye chano umekuwa donge. Mtoto wa kike wa miaka saba anajua. Hakuna mwanamke kutoka hapa hadi mpaka wa Tunisi anayetia mkono kwenye unga na bangili. Siku ile uliyotoa kuskusi ya daku nilikuwa nimekaa na binti zangu, nikawaambia, wanangu, huyo ni mwanamume."

Lakhdar alikaa kitako juu ya kochi na gandura yake. "Wewe na binti zako."

"Mimi na binti zangu na hamamu nzima, kila aliyekuja kuoga."

"Hamamu."

"Ya Alhamisi na ya Jumatatu. Nisikufiche, tulicheka. Mke wa yule muuza vitambaa aliteleza kwenye sabuni. Wengine walisema ni kaka yake, mimi nikasema ni mumewe, kaka hawezi kujitaabisha hivyo. Halafu tukaipika kama ulivyoipika, ikatoka vile vile kama ya Yamina. Basi tukaacha kucheka." Akafikiri kidogo. "Tukapunguza."

"Na wa mbali? Yuko mmoja wa Marseille, kila siku ananiandikia."

"Wa Marseille ana dada huku. Kila wa Marseille ana dada huku, na dada ana simu."

Chini barabarani muuza mnanaa alipita akinadi. Lakhdar alikuwa anasikia hasira ikimpanda, ile ile anayoijua, na kama kawaida akaanza kutafuta ni mkubwa gani wa kuilaza juu yake. Waziri hakumvisha bangili. Meya hakuwemo hamamuni. Akazunguka nao wote kichwani, mmoja mmoja, na safari hii hakupata hata wa kumsingizia.

"Mlikuwepo msibani," alisema.

"Nilikuwa nimekaa hapo hapo unapokaa wewe. Nilikula na kuskusi ya msiba. Unadhani niliisahau njiani?"

"Basi kwa nini mnamwandikia umri mrefu? Mtu mnayejua amekufa."

Bi Hafsia akaiweka chaja mezani, kati ya kamera mbili, akailainisha waya yake kwa kidole.

"Ulitaka tuandike nini? Mwenyewe hujasema. Mtu akiwa hajafungua mlango wake, wewe utauvunja? Tukasema ataongea atakapochoka. Na ukitaka tuendelee hivi, tutaendelea. Hatuoni taabu. Mimi umri wa Yamina namwombea, haupotei, Mungu ataupeleka anapojua Yeye."

Zoulikha, ambaye hajawahi kukosa neno tangu alipotoka tumboni, alikuwa anafuta miwani isiyo na vumbi.

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa. Angeweza kuendelea. Kamera ya zamani, ukungu, gandura. Wao wakijua kwamba ni yeye, na yeye akijua kwamba wao wanajua, na kila asubuhi salamu pale pale. Lilikuwa jambo lililomjia kama mto wa sufi chini ya kichwa, na alikuwa tayari kulilalia.

Bi Hafsia lakini alikuwa ameshaondoka kwenye huzuni. Alikuwa amesogeza kiti hadi pua yake ikakaribia kioo cha televisheni.

"Hii ndiyo ya Nadir?"

"Ndiyo. Inarudi."

"Punje naziona." Akagonga kioo kwa ukucha. "Hii imeshiba maji, hii bado. Hii hapa ikiongezwa tone inaharibika. Lakhdar, kwa ile kamera yako sijui kama unafikicha kuskusi au unaosha miguu. Mkwe wangu, mke wa Nadir, anakufuata wewe. Anakisia maji. Juzi katuletea chano kizima cha madonge, Nadir akala, maskini, akisema alhamdulillahi kwa kila tonge kama mgonjwa anayemeza vidonge."

"Yamina alikuwa anaonyesha na kidole," Lakhdar alisema. "Anasukuma punje pembeni, hivi, ili ionekane."

"Alikuwa anaonyesha. Nani aliona? Hata wakati wake tulikuwa tunakisia. Nilimwambia mwenyewe sokoni, Yamina, mwambie mumeo abadilishe hilo jicho la paka. Akasema anangoja ulizoee wazo."

"Hakuniambia."

"Alisema unaipenda hiyo kamera kuliko yeye."

Zoulikha akacheka kwanza. Kisha Lakhdar akajikuta anacheka pia, cheko bovu lenye kutu, na akalifuta usoni kwa mkono wa gandura kabla halijageuka.

"Niambie kitu kimoja," Bi Hafsia alisema. "Huyo Yamina wetu, aliyewahi kumrudishia bibi harusi sinia zima kwa ajili ya donge moja. Angekubali wanawake wa watu wawe wanakula madonge Ramadhani nzima, ili mradi asemwe yuko hai?"

Lakhdar aliitazama mikono yake juu ya magoti. Vifundo vilikuwa na alama nyekundu za bangili. Akanyanyuka, akakivuta kile kiti cha mgeni kando bila kuomba radhi, akaichukua kamera nyeusi na kuirudisha juu ya miguu mitatu. Alihangaika nayo, skurubu ilikuwa ndogo kuliko ile aliyoizoea, na alizisema serikali mbili, ya hapa na ya Istanbul, kabla haijakaza.

"Shemeji," Zoulikha alisema, "unafanya nini?"

"Ule unga umeharibika na shaba. Mwaga, lete mwingine."

"Na gandura?"

Akajitazama. Akaivua kwa kupitia kichwani, akaikunja vizuri, mikono ndani, jinsi Yamina mwenyewe alivyokuwa akiikunja, akabaki na shati lake la mistari. Akakunja mikono ya shati hadi juu ya kiwiko, ambako wembe haukuwahi kufika.

"Subhanallah," Bi Hafsia alisema. "Msitu."

"Wamezoea ukungu, watazoea msitu."

"Nadir atakufanyia bei ya mama yake," Bi Hafsia alisema. "Nitampigia simu nikiwa hapa hapa, asipate muda wa kufikiri."

Lakhdar akakaa sakafuni mbele ya chano, miguu wazi. Akatia unga, akatia maji, akaanza. Bi Hafsia hakukaa kimya hata kidogo. Alimwambia asogeze kichwa, kinatia kivuli. Alimwuliza maji hayo ni ya mvua au ya kuskusi. Alimwambia hapo, hapo, usimame, waonyeshe. Lakhdar akatenga punje moja kwa kidole gumba, kile chenye ramani, akaisukuma pembeni mbele ya lenzi mpaka ionekane imeshiba.

Zoulikha alikuwa amekaa na simu yake tayari kwa maneno ya chini. Aliandika, akafuta, akaandika tena.

"Nimeandika: mikono hii ni ya Lakhdar, mume wa Yamina," alisema. Hakuinua macho. "Sasa hapo kwenye Yamina. Nimwandike kama yupo, au kama hayupo?"

Viganja vilizunguka, duara moja, la pili. Unga ulitoa ile sauti yake ya mchanga mwepesi.

"Andika hayupo," Lakhdar alisema. "Halafu haraka andika maji kiasi gani, kabla hawajaanza kulia wakaharibu unga."